Mafuta ya Wagonjwa

Baba watoto na wanangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Mikate iko kabatini.~~ Mikate nimeondoka nayo, mgonjwa hana hamu ya kula.

Alfajiri nilipowaamsha twende misa, wewe baba yao ulijifunika shuka ukasema, "Joto lote hili? Mwambie padre tunaumwa." Na watoto wakaitikia, "Amina!" Jumapili ya nne hii tangu likizo ianze.

Basi nimefikisha ujumbe kama nilivyotumwa. Padre amesikitika mno. Baada ya misa ya pili anakuja kuwapaka mafuta ya wagonjwa, na wanakwaya wote nyuma yake. Nimepitia nyumbani, bado mnakoroma. Narudi kanisani kuwaonyesha njia padre na kwaya yake.

Kabla ya mafuta atawaungamisha, mmoja mmoja. Hapo sasa mtamweleza wenyewe mnaumwa nini.

Mama, mzima wa afya