Kihisi Kilichomdanganya Baba

Jumamosi

Viatu vya Baba vimekauka vikawa vyeupe kama vya mwashi. Mimi nilimwonya.

Wiki nzima deshibodi imekuwa ikidai kwamba tangi la ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli ni tupu, na kwamba hivi karibuni gari litakataa kuwaka. Kila ikidai, Baba anaongeza dawa. Mama naye aliwaita akina mama wa kanisa wakaliombea gari. Leo asubuhi dawa, ambayo ikikauka huwa nyeupe kama chokaa, ilifurika, ikammwagikia Baba miguuni, na deshibodi bado ikasema tupu.

"Baba, tangi limejaa," nikasema. "Kihisi kinachopima dawa ndicho kinachodanganya."

"Mami, binti yangu, wewe soma vitabu. Gari niachie mimi."

Tukaenda Parklands kwa fundi wetu, Bwana Harbans. Akachomeka kompyuta yake chini ya usukani, kisha akapima nyaya moja moja. Zilikuwa nzima.

"Kihisi kimekufa," akasema. "Lakini tangi limejaa hadi shingoni! Nani alikuwa anaongeza?"

Baba akatazama viatu vyake.

"Na kuna yeyote aliyeshuku kihisi?"

"Sisi," akajibu Baba.

Sisi! Tukirudi, nilinuna kwenye foleni yote ya magari ya Westlands. Fomu yangu ya kuomba masomo ya ufundi imekaa mezani wiki mbili bila sahihi ya Baba, eti grisi si ya wasichana.

Jioni nimeikuta juu ya mto wangu. Ametia sahihi. Pembeni kuna alama nyeupe ya kidole gumba.