Jora la Kitenge na Neno Ulilonituma

Baba yangu,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Ni mimi, yule mwanao mwenye mdomo. Nimechoka, baba, na safari hii si uchovu wa kushusha mizigo.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka madrasa kiganja kimevimba? Mwalimu aliuliza tofauti ya nabii na mtume, darasa zima likainamisha vichwa, mimi nikanyoosha mkono. Si unanijua. Nikasema, "Nabii ni mtume ambaye bado hajapandishwa cheo." Wenzangu walicheka, mwalimu hakucheka. Nilipofika dukani ukanitilia maji kwenye bakuli niloweke mkono, nawe ukacheka mpaka miwani ikakudondoka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kisha ukanieleza taratibu.

"Wote wawili wameteremshiwa wahyi. Nabii anaishika sheria aliyoikuta na kuwaongoza watu kwayo. Mtume analetewa ujumbe mpya, anaambiwa awafikishie watu, hata wakimpiga mawe. Kwa hiyo kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume."

"Basi mtume ana cheo zaidi," nikasema.

"Ana mzigo zaidi," ukanijibu.

Fundi Zakaria alikuwa barazani anatusikiliza. Cherehani yake ilikaa pale tangu mimi sijaota meno. Mkristo wa Kitahana, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, na humu Kasulu hakuna suruali yangu ya shule ambayo hakuiongeza urefu. Akasimamisha mguu kwenye kanyagio, akauliza, "Na mimi Zakaria ni nani kwenu, nabii au mtume?"

"Nabii," ukamwambia. "Wengi ndivyo wanavyosema, alifuata sheria ya Musa. Wapo wanaosema vingine."

"Basi heri. Sikutumwa popote, niacheni nishone."

Nami nikajitia kujua. "Halafu nabii Zakaria alipewa alama, siku tatu hakusema na watu."

"Siku tatu tu?" akacheka. "Mke wangu angependa ninyamaze mwaka mzima."

Baba, shule iliniacha kidato cha pili, lakini zile sifa nne za mitume nilikuwa naziimba juu ya baiskeli mpaka Kabanga: ukweli, uaminifu, kufikisha, akili. Ya nne nilijihesabia ninayo kuliko wenzangu wote. Hiyo ya tatu niliiona nyepesi kabisa. Kufikisha ni nini? Unasema, umemaliza.

Halafu likaja lile jambo la jora.

Ilikuwa siku ya soko, duka limejaa. Ukalitafuta lile jora la kitenge cha bluu, hulioni. Ukatoka barazani, ukapaza sauti mbele ya wateja na majirani: "Zakaria, aliyekaa mlangoni tangu asubuhi ni wewe. Jora langu liko wapi?" Alikutazama. Nilisubiri ajitetee, walau atukane kidogo. Akakunja futi yake ya kupimia, akaifunika cherehani, akaifunga kwenye baiskeli. Akarudi kwao Kitahana. Nabii wake alinyamaza siku tatu, yeye alinyamaza moja kwa moja.

Wiki tatu baadaye akaja yule mama wa Nyabibuye, kalibeba jora kichwani. Wewe mwenyewe ulimpa akawaoneshe wifi zake wachague sare ya harusi, kama ulivyozoea kuwapa kina mama vitambaa waende navyo nyumbani. Mvua ikakata barabara, nawe ukasahau. "Wamependa kitambaa kingine, mzee," akasema, "nisamehe nimechelewa." Ulilipokea kama mtu anayepokea maiti ya mtoto. Ukaliweka rafu ya juu kabisa. Hukuliuza, wala hukwenda Kitahana.

Miaka miwili ilipita hivyo. Ndipo ukalazwa. Siku moja mchana ukanishika mkono, uleule wa viboko. "Nilimsema mbele za watu, na itangazwe mbele za watu. Siku ya jeneza langu usimame, useme: Zakaria hakuiba. Nilikosea, nikajua, nikanyamaza. Hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nikakujibu kwa maringo yangu, "Hilo tu, baba? Mdomo ninao."

Nilisimama kweli. Wewe uko mbele yetu umefunikwa, safu zimejaa, rafiki zako wote wapo, hadi ndugu zako waliotoka pwani. Kinywa kikafunguka, likatoka neno jingine. "Marehemu anawaomba radhi wote aliowakosea, kwa kujua na kwa kutojua." Wakaitikia, "Tumemsamehe." Jina la Zakaria nikalimeza. Sikutaka wakubebe huku wananong'ona juu yako, baba. Hiyo ndiyo sababu, na hata leo naiona ina upendo ndani yake. Lakini hukunituma upendo, ulinituma neno.

Wakanipongeza. "Kijana umesema kama mtu mzima." Kichwa kikavimba, nikatembea mjini kifua mbele siku kadhaa, nikawaambia washikaji kwamba hata shehe hasemi vile.

Kisha akaja fundi mpya kuomba nafasi barazani. Jirani yetu muuza viatu akanipigia kelele kutoka upande wa pili, "Angalia majora yako bwana, usije ukapata Zakaria mwingine!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, baba. Nilicheka huku jora lenyewe liko juu ya kichwa changu, kwenye rafu. Tangu siku hiyo uchovu ukaingia. Nalala, naamka nao. Nampimia mama wa watu doti, mikono mizito kama imebeba magunia.

Wiki iliyopita nikaenda Kitahana. Nilimkuta anashona mbele ya nyumba, maharage yameanikwa pembeni, nywele zimekuwa nyeupe.

"Mwakeye, mzee," nikamwamkia kwa Kiha.

"Ehe, mtoto wa dukani. Umerefuka, suruali haijakufuata."

Nikamweleza yote, uliyosema na niliyoyaficha. Hakuinua macho, aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, unakosa tundu, anajaribu tena.

"Kwamba sikuiba, mimi nilikuwa nalijua," akasema. "Hilo neno si langu, mwanangu, ni la watu wa Kasulu. Umelileta kwa asiyelihitaji. Mke wangu tangu siku ile hajakanyaga soko la Kasulu. Chumvi ananunua Kibondo."

"Baba alikupenda, mzee."

"Najua. Angekuwa mtu mwingine ningejibu."

Nikarudi. Jana, Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nililishusha jora, nikasimama barazani palepale uliposimama. Nikasema: "Baba alinituma niseme, Zakaria hakuiba. Alikosea, akajua, akanyamaza. Jora ni hili." 

Muuza viatu akaangalia chini. Rafiki yako mmoja, yule mliyekuwa mnakunywa naye kahawa kila alasiri, akanijia na tasbihi mkononi: "Unamvua nguo baba yako kaburini?"

Majibu ninayo mengi, unanijua. Safari hii nilikuwa na moja tu. "Ndivyo alivyonituma, mzee."

Akaondoka bila kunipa mkono. Hakuna aliyenipongeza, wala sikutafuta. Nikakaa kwenye ile nafasi tupu ya cherehani, jora mapajani, nikakumbuka ulivyosema mzigo nami nikasikia cheo.

Unisamehe, baba, nimeongeza neno moja ambalo hukunipa. Walipokuwa bado wamesimama niliwaambia kwamba kimya cha tangu jeneza mpaka leo ni changu mimi, si chako. Nililipunguza neno lako mara ya kwanza, nikaona haki nilipie kwa langu.

Leo asubuhi muuza viatu amepita hapa na baiskeli. Ameniuliza, huko Kitahana Zakaria anaishi upande gani. Nimemwelekeza, sijatia mzaha wowote. Pumzika sasa.

Ni mimi, mwanao uliyemtuma.