Neno "Infestation" na Mkono wa Mihayo

Alhamisi, Ipole. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai.

Nianze na kosa langu, nisije nikalizungukazunguka.

Juzi, saa ya mapumziko, Mzee Maganga alikuja shuleni na simu yake. Nyuki walikuwa wamehama mizinga yake, masega yakabaki ungaunga. Alipeleka vipande kwa mtaalamu mjini Tabora, na majibu yalikuja kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza hapa ni mimi.

Nilisoma mstari wa kwanza, kengele ikagongwa. "Severe infestation."

"Wanasema mizinga yako imevamiwa, mzee. Tena vibaya."

"Imevamiwa?"

"Ndiyo."

Aliondoka bila kuaga.

Sikujua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akimshuku jirani yake, Mihayo, kumwibia asali. Sasa alikuwa na neno la mtaalamu. Alimkuta Mihayo nyuma ya nyumba akichonga mzinga, akamshushia panga. Mihayo alikinga kichwa kwa mkono. Vidole viwili vilidondokea kwenye maganda ya mti. Mkewe akapiga yowe, watu wakaja mbio, na waliposikia "mwizi" wakaanza kumpiga huyo huyo aliyekuwa akivuja damu.

Yowe lile nililisikia nikiwa darasani. Niliendelea kufundisha.

Jana Maganga akiwa mahabusu, binti yake alinipa ile simu. Nikasoma ujumbe wote. Funza wa nondo, wale wanaokula nta. "Infestation" ni wadudu au panya kujaa mahali mpaka wakapaharibu. Haisemwi kwa mwizi. Kamusi iko mezani kwangu miaka yote. Ningesema tu "imevamiwa na wadudu".

Neno moja zaidi.

Leo nimekwenda hospitali, Sikonge. Mihayo amelala, mkono umefungwa, jicho moja limevimba hadi kuziba. Nimemweleza kila kitu. Mkewe aligeukia ukutani, yeye akaniuliza:

"Umemwambia nani mwingine, Mwalimu?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Mimi nilikuwa najua kwamba sikuiba. Kawaambie wao."

Kesho asubuhi kuna mkutano wa kijiji. Waliompiga ni wazazi wa wanafunzi wangu. Wengine hunisalimia kwa kupiga magoti. Nitawasomea ujumbe wote, kisha nitawaambia ni nani aliyeusoma nusu.

Naogopa. Nitakwenda.