Wimbo Uliosikika Kila Mahali Isipokuwa Kwenye Orodha

Jumapili, Gesima. Mvua tangu asubuhi, ile isiyo na haraka, kama mgeni aliyekuja na nguo za kubadilisha.

Shajara, leo usiniulize habari. Mimi ndiye yule yule: Simba wa Gesima, sauti ya asali, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananionea wivu. Lakini leo Simba anakunja blanketi.

Kesho naenda Kisii mjini, kwa baba mdogo, kusaga unga.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hata mimi bado najieleza. Baba hapendi huu muziki wangu. Ni mzee wa kanisa, ana heshima zake. Lakini si mtu mbaya. Nilipokuwa karibu kutoa "Kikapu cha Nyaboke" aliniambia mbele ya mama: wimbo ukiingia kwenye ile orodha ya taifa ya nyimbo mia zinazopendwa, ile inayotoka kila Ijumaa, atanyamaza na nitaimba mpaka nizeeke. Usipoingia wiki ya kwanza, mashine ya baba mdogo inanisubiri. Nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, anza kuzoea kunyamaza."

Kinywa hiki changu, Shajara.

Nilijua nimeshinda kwa sababu niliona kwa macho yangu. Wiki nzima boda boda za Kebirigo ziliupiga. Kwenye kituo cha kupimia majani chai akina mama waliunganisha simu moja na spika, wakaurudia tangu lori lichelewe mpaka lori lije. Mama yangu ndiye aliyeimba kiitikio, basi alikuwa anatembea kama gavana. Kule ng'ambo ya mto kwenye harusi ya Wakatoliki, bibi harusi aliingia nao. Nani atashindana na mimi? Wale vijana wa Nairobi wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba?

Juzi Ijumaa orodha ikatoka. Nikaisoma kutoka juu kwenda chini. Kisha kutoka chini kwenda juu, labda nilijipita.

Sikuwemo.

Nikawaandikia wenye orodha, kwa hasira na herufi kubwa. Dada mmoja akanijibu kwa upole uliouma kuliko matusi. Orodha haijui nani ameupenda wimbo, alisema. Inahesabu wimbo umesikilizwa mtandaoni mara ngapi, na redio kubwa zimeupiga mara ngapi. Hata albamu huhesabiwa hivyo hivyo, kwa kujumlisha nyimbo zake. Simu moja ikirudia wimbo siku nzima, kompyuta inaona huo ni ujanja, haihesabu mara zote hizo. Na wimbo unaorushwa kutoka simu hadi simu, au uliowekwa kwenye memori kadi, hauonekani kabisa. Ni kama haukuimbwa.

Hapo nikakaa chini.

Kwa sababu habari ya memori kadi ni mimi niliyeileta. Ni mimi niliyesimama sokoni Kebirigo nikatangaza kwamba mtu wangu asimalize data, wimbo upo kwa Ombati. Ombati ni rafiki yangu, ana kibanda cha kutengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo, na kwa mapenzi yake alimpa kila mtu bure. "Mogaka," akaniita, kama vile mimi ni mzee wa ukoo, "leo hata mbuzi wa Kebirigo wana wimbo wako!" Tukagongana mikono. Wajinga wawili. Tuliwafungia nje watu wetu wote, tena tukicheka.

Na subiri, kuna baya zaidi. Wiki ya orodha huanza Ijumaa, ndiyo maana wasanii wakubwa hutoa nyimbo Ijumaa. Na mimi ni msanii mkubwa. Nikatoa Ijumaa jioni. Unajua kwetu Ijumaa jioni kuna nini? Jua likizama ni Sabato. Nyumba zote za Wasabato zilizima nyimbo za dunia na kutoa vitabu vya nyimbo za kanisa. Hata mama, sauti ya kiitikio, aliniambia, "Tata, nitakusikiliza kesho jua likizama." Huniita tata, kama anavyomwita baba yake, akitaka nisikasirike. Na kesho yake jua lilipozama, badala ya kuingia mtandaoni, wote walienda kwa Ombati.

Nimezaliwa humu. Nimekaa kwenye benchi la kanisa hilo Sabato zote za maisha yangu. Nikasahau.

Jana, Sabato ilipofungwa, nilijaribu kumweleza baba.

"Kwa hiyo watu waliusikia?"

"Waliusikia, mzee. Wote."

"Na hawakuhesabiwa."

"Hawakuhesabiwa."

Akafikiri. Baba hafikiri haraka. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimechuma majani tangu sijamuoa mama yako. Jani lisilopanda kwenye mizani si lako. Hata kama kila mtu alikuona umebeba kikapu."

  Kule jikoni nikasikia mama ameacha kuosha sufuria. 

Kinachoniuma ni hiki. Kama ningekuwa nimeimba vibaya, ningejua la kufanya. Sasa nifanye nini? Nikawaambie akina mama wa majani chai kila mmoja ajifungie na simu yake na data yake? Kuna nyumba zina simu moja. Na kwetu wimbo ni wa kusikiliza pamoja. Mtu akiusikiliza peke yake tunauliza kama ni mgonjwa.

Mchana huu nimemkuta baba barazani akishona mkanda wa begi langu uliokuwa umekatika. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakunisikia. Alikuwa anaimba puani. Nikadhani ni wimbo wa kanisa. Nikasogea.

Kilikuwa kiitikio cha "Kikapu cha Nyaboke". Chote, hata pale mwishoni mama anapopanda juu.

Aliponiona akakohoa. "Umepakia blanketi?"

"Nimepakia, mzee."

Akakata uzi kwa meno, akanipa begi. Na yeye je? Nimhesabu?

Sasa wingu limeshuka mpaka kwenye majani chai, sioni hata njia. Ombati ametuma ujumbe kwamba nikifika mjini nitunge mwingine, safari hii tutafanya vizuri. Nimemjibu sawa, mogaka. Lakini wanasema mashine ile ikianza kunguruma, husikii hata sauti yako mwenyewe ukipiga kelele.

Mtu huimbaje mahali kama hapo, mdomo umejaa unga?