Mkono wa Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Meza imefika. Meza gani hii! Sanduku bapa, juu matundu kama chujio, chini mpira wa mashine ya kufyonza vumbi. Unaweka kibao, unawasha, inavuta hewa — kimenasa! Nimekivuta kwa mikono miwili, wapi. Fundi umeme aliyekuja kuiunga akacheka, eti bibi, hicho hata ng'ombe hakitoi.
Mjukuu wangu hakucheka. Tangu msumeno ulipomla mkono wa kushoto, mimi ndiye jiriwa yake, namshikia mbao. Leo kaniambia, mke mwenzangu, umestaafu. Nikamjibu, hata kwaheri hakuna?
Nikaenda kulia jikoni.

Jumatano, 5 Machi
Kachonga vifuniko vitatu vya visanduku. Peke yake! Matundu yaliyobaki wazi anayaziba kwa tepu, mvuto usipotee. Tepu anaikata kwa meno. Meza inavuma, mashine ya kuchongea inalia, vumbi mpaka kwenye chai. Na juu ya kelele zote hizo — anapiga mluzi. Nyumba hii ilikuwa kaburi.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi umeme alionya: meza na mashine ziwe kwenye soketi moja, umeme ukikatika zinyamaze pamoja. Lakini pamoja zinaunguza fyuzi. Basi huyu mjukuu mkaidi kavuta ekstensheni, meza kaichomeka jikoni. Hakuniambia.
Mimi nikawasha birika la umeme, nimchemshie chai. Puu! Umeme wa jikoni ukakatika. Meza kimya, kisu cha mashine chumbani bado kinazunguka. Kifuniko kikaruka, kikavunja dirisha. Kilipita kando ya mkono wa kulia. Ule uliobaki. Ule uliokuwa ukishika wangu kunifundisha herufi hizi, mimi ambaye shule niliiona kwa nje.
Nikasema, ngoja fundi aje avute waya mpya. Akasema, nimengoja vya kutosha.

Jumamosi, 8 Machi
Kabla hajaamka nimeichomoa ekstensheni. Nimeikalia. Naandika juu yake.
Kwanza alinitania, mke mwenzangu, unaatamia? Sikucheka. Akafoka. Nikafoka zaidi — heri unichukie una mkono! Watu wakishaumwa na nyoka hushtuka hata wakiona jani. Huyu wangu anamfuata shimoni.
  Sasa kakaa sakafuni mbele yangu, kiganja kile kimoja kakinyoosha.
Bibi, anasema. Si mke mwenzangu — Bibi. Nirudishie mkono wangu.
Waya uko chini yangu. Umeshapata joto.