Kisima cha Babu

Wanangu,

Msinywe maji ya kisima, hata tone. Ya kunywa nimeyachemsha, yamo kwenye sufuria yenye kifuniko. Na wewe kitindamimba, barafu nayo ni maji yale yale. Imwage.

Kelele za asubuhi mlizisikia. Nilimwambia babu yenu kuwa nimepima maji ya kisima chake maabara, nikakuta vijidudu vya kinyesi. Akachota kikombe kizima, akanywa huku ananitazama. "Miaka thelathini nakunywa, mkwe wangu, leo ndiyo umeona?" Nikampandishia sauti. Mzee wa watu akajifungia chumbani, hajala.

~~Mwambieni akitaka radhi~~ Hapana. Mpelekeeni chai, mkae naye mpaka amalize. Tumbo likimsumbua, nipigieni simu kazini mara moja.

Kisima alikichimba kwa mikono yake na hakikuwa na kasoro. Kilichokiharibu ni shimo la choo kipya, hatua kumi na mbili tu kutoka pale. Yeye alitaka lichimbwe mbali. Aliyekataa ni mimi, mpima maji mzima, kwa uvivu wa kutembea kwenye mvua.

Hilo sikumwambia. Nikirudi nitaanza nalo, kabla sijavua viatu.

Mama