Kwa Shangazi Aliyezihesabu Siku za Mama

Shangazi,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea amelala chumba cha pili, mlango umerudishwa. Ni saa nane za mchana. Saa naitaja kwa makusudi. Najua kuwa neno "amelala" na neno "mchana" yakikaa pamoja yanakuwasha.

Leo asubuhi alikuja yule mama wa Kigombe anayetuletea dagaa. Aliteremsha kapu lake uani, akaomba maji, akatazama huku na huku kama aliyeiba, kisha akaninong'oneza.

"Shangazi yako anakusalimu. Ati umwulize mama yako alifanyaje. Asiulize kufanya nini, mwenyewe atajua. Na mumewe asisikie."

"Mume wa nani?"

"Wa shangazi yako. Nawe mwalimu mzima, huelewi."

Akanieleza kwamba mwili wako umeisha nguvu. Unakuna nazi, ukifika nusu mkono unakataa. Joto linakupanda kifuani hadi usoni hata kukiwa na upepo. Unaamka alfajiri nguo zimelowa, na uchovu uliolala nao ndio unaoamka nao. Nikamwuliza kama ni ugonjwa. Akacheka.

"Ugonjwa wapi. Shangazi yako angali kijana. Ramadhani iliyopita kala siku saba, mie nimemwona kwa macho yangu jikoni na sahani ya muhogo."

Hapo nami nikacheka, Shangazi. Mwenye dagaa akadhani nimefurahi kusikia u mzima.

Sahani ile naijua. Nimeijua kabla yako.

Ulikuja kukaa kwetu Makorora mwaka aliokufa Mfalme wa Waingereza, baada ya mume wako wa kwanza kukuacha. Baba, kaka yako, akakupa chumba cha mbele. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nina sare ya shule na kichwa kilichojaa mito ya nchi ambazo sitaziona. Mama alikuwa amepita arobaini na tano. Ulikuja na sanduku moja la bati, hukuwa na mtoto wala kazi, basi kazi ukajipa mwenyewe: kumchunga mke wa kaka yako.

Mwaka ule ndio mama alioanza kuchoka. Hakuchoka kama anavyochoka mtu aliyetoka shamba, ambaye akikaa kidogo anainuka. Alichoka kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Nilimwona mara nyingi amekaa kwenye mbuzi ya nazi, kifuu mkononi, mkono umesimama, anatazama ukuta. Ukipita wewe, mkono unaanza tena.

"Mwanamke halali mchana," ulikuwa ukisema kwa sauti ya kufika uani, "ila mzazi wa siku arobaini, mgonjwa au maiti. Sasa wifi, wewe ndiye yupi?"

Mama hakuwa yeyote katika hao watatu, basi hakulala. Alijifunza kupumzika kwa wizi. Alikaa na ungo wa mchele mapajani, kichwa kimeinama, vidole ndani ya mchele, ungeapa anatoa mawe. Alikuwa amelala. Alikwenda chooni na kopo la maji akakaa huko mpaka birika la chai likakaukia, kwa sababu chooni ndipo mahali pekee ambapo mtu haitwi. Alipika ameegemeza bega kwenye nguzo ya jiko, na nguzo ile mpaka leo ina alama nyeusi pale bega lake lilipokaa.

Nami nilimwona mvivu. Nalisema hili ili usidhani dharau yangu yote nimekutengea wewe. Nilirudi shule na somo la usafi wa nyumba, nikapitisha kidole juu ya kabati, nikamwonyesha mama vumbi. Alikitazama kidole changu, akasema, "Ahsante, mwanangu," akainuka akafuta.

Wewe uliona mbali zaidi ya vumbi. Ulikuwa na elimu yako, na ningekusifu kwayo kama ungeitumia kwa jambo jingine. Mwanamke akiingia mwezini hasali wala hafungi. Mwanamke anayesali mwezi mzima pasipo kukatiza, damu yake imekatika. Na aliyekatika, kwa sheria uliyoitunga mwenyewe pale kwenye kibao chako cha jikoni, si mke tena, ni mpangaji. Kwa hiyo ukaanza kuhesabu. Na mhesabuji wako nikawa mimi.

"Mwanangu, njoo ule kashata. Mama yako leo kasali?"

"Kasali."

"Na juzi?"

"Kasali."

"Haya. Kula nyingine."

Nilikujibu kama ninavyojibu darasani. Nilipenda kuwa mtu anayejua majibu.

Mama alilijua jicho lako. Aliogopa. Aliogopa kwamba utamwambia baba, na baba ni mtu wa kuambiwa. Basi Ramadhani ilipoingia akachukua sahani ya muhogo akakaa nayo nyuma ya jiko, siku saba, mdomo ukitembea kila unapopita. Uliona ukanyamaza. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha kukaja vitambaa vya mwezini. Unavikumbuka. Alivianika nyuma ya choo, chini ya kanga kuukuu, kama wafanyavyo wanawake wote, visionekane na wanaume lakini vionekane na wifi. Siku moja mvua ilitupiga ghafla, mama akanituma nivianue. Nilikuwa nimemwona asubuhi ile akivitoa kapuni. Vilitoka vikiwa safi, vimekunjwa, akavichovya ndooni, akavikamua, akavianika. Nilishangaa kama mtoto anavyoshangaa jambo la kuchekesha, nikaja kwako jikoni nikakwambia, "Shangazi, mama anafua vitambaa visafi."

Uliacha kukuna nazi. Naukumbuka uso wako. Nimeona uso kama huo mara moja tu tangu siku hiyo, kwa mwanafunzi aliyeokota kisu kizuri njiani.

Hukungoja hata juma. Kulikuwa na harusi ya jirani, wanawake wamejaa uani wanamenya vitunguu. Mama ameketi pale pale, kisu mkononi.

"Wenzangu," ukasema, "kwa watu nguo safi huvaliwa. Kwetu hufuliwa."

"Kivipi?" mmoja akauliza.

"Mwulizeni wifi yangu. Kisima kimekauka, mwenyewe bado anateremsha ndoo."

Walicheka. Waliocheka kwa nguvu ni wale wa umri wa mama, na hilo nililielewa baadaye sana. Mama alichukua kitunguu kingine akamenya. Kisha kingine. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyejua ni ya nini, maana siku hiyo kila mtu alikuwa akilia kwa vitunguu. Ndipo akaniinulia macho. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, kwa sababu wewe ulikuwa wifi tu, na mimi ndiye niliyetumwa kuanua.

Baba alikuwa barazani na cherehani yake. Ulimwendea na maneno yako yamepangwa. Mtu yule anaweza kukata kanzu kwa kumtazama mteja anavyotembea, asipime hata shingo, lakini mbele ya dada yake hajapata kukata neno. "Dada kasema nyumba inataka mtu mwenye nguvu," akamwambia mama, macho kwenye sindano. Mama akasema, "Sawa." Miezi miwili baadaye ukamleta Mwanaidi, binti wa Kigombe mwenye mikono mizuri ya kutwanga. Ulimchagua kama mtu anavyochagua mchi.

Ulingoja mama alie. Nilikuona ukingoja. Uliweka mkeka wako mahali ambapo ungesikia.

Siku ya pili baada ya baba kumwoa, mama akasali adhuhuri, akajitwika godoro lake la usufi, akalipeleka chumba kidogo cha nyuma tulichokuwa tukiweka magunia, akafunga mlango. Ukagonga.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi unafanya nini?"

"Nimelala."

"Mchana?"

"Mchana."

Ukabaki umesimama pale, mkono bado umeinuliwa. Na Mwanaidi, yule mchi wako, akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Wifi, mwache dada alale. Mchuzi nautazama mie."

Ulimletea mama adhabu, Shangazi, naye akailalia. Alilala mchana ule na mchana uliofuata, na akiamka alasiri anakuwa mtu. Akagawa kazi na mwenzake: kufua leo, kutwanga kesho, si vyote kwa siku moja. Chai ya usiku akaacha. Ndoo ya maji ya baridi ikawekwa karibu na kitanda, na joto likipanda anachovya kitambaa, kimojawapo cha vile vile, anakiweka shingoni. Siku moja nikapata ujasiri wa kumwuliza juu ya ile sahani ya muhogo, kama hakuogopa Mungu kula Ramadhani bila udhuru.

"Nani kakwambia nilikula?" akasema. "Kuku ndio waliokula. Mimi nilifunga thelathini."

Na baada ya sikukuu alifunga saba nyingine mbele ya macho yako, kama anayelipa siku za mwezini, siku ambazo Mungu hakuwa akimdai. Mwanamke ambaye mkono wake haukuweza kumaliza nazi moja alifunga siku thelathini na saba, ili wewe uridhike kwamba bado ana damu. Ukitaka kujua kwa nini nakudharau, anzia hapo. Nawe ungejua hayo yote yalifanywa kwa ajili ya jicho lako, ungejiona mkubwa. Hukuwa mkubwa. Ulikuwa mwanamke aliyeachwa, mwenye hofu ya kurudishwa barabarani, ukatafuta wa kumtanguliza.

Mwaka uliofuata ukaolewa Kigombe na muuza papa, mdogo kwako kwa miaka kumi, ukaondoka ukiringa. Sasa una mama mkwe anayekutazama na mume anayeweza kuambiwa. Nawe umekaa nyuma ya jiko na sahani. Sijui kama ulikula kweli, au nanyi mnafuga kuku.

Barua hii nilikusudia kuipeleka wazi, bila bahasha. Herufi zetu hizi ulizoziita mikwaruzo ya Kizungu huzisomi, basi ingembidi mwenye duka akusomee barazani kwake, kama anavyowasomea wote, na watu wamekaa wanakunywa kahawa. Nilikwisha kuona jinsi atakavyofika kwenye muhogo akapunguza sauti. Nilikuwa nimemwambia mwenye dagaa apitie kwetu kabla ya kurudi.

Nilipofika hapo mlango ukafunguka. Mama ameamka. Alikaa kitini, akajifunga kanga upya, akaniuliza naandika nini.

"Namjibu shangazi."

"Kasemaje?"

Nikamwambia. Hakutabasamu, ingawa nilimtazama kwa makini, maana nilitaka sana atabasamu.

"Hebu nisomee ulichoandika."

Nikamsomea yote, tangu shikamoo. Palipo na vitunguu aliinamisha kichwa. Palipo na godoro alicheka puani. Nilipomaliza akauliza, "Na kule nani atamsomea?"

"Mwenye duka."

"Barazani?"

"Barazani."

Akaokota kopo la maji, akanywa, akaliweka chini. "Uliponitangazia vitambaa ulikuwa na miaka kumi na mitano," akasema. "Sasa unayo mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Haya."

Alikwenda kutia udhu, nami nikabaki na karatasi hizi na kidole kile kile nilichomwonyeshea vumbi.

Kwa hiyo barua hii huipati. Naiacha huku, jina lako sikulitaja wala langu, na wake wa wauza papa Kigombe si mmoja. Aisome yeyote anayehesabu siku za mtu mwingine, na yeyote aliyejificha na sahani. Dharau yangu ningali nayo. Sijaambiwa niitupe, nimeambiwa tu nisiibandike barazani.

Kitakachokufikia ni maneno ya mama. Aliyatoa baada ya kusali, akiwa bado juu ya msala, na nimemnong'oneza mwenye dagaa mara mbili, kisha nikamtaka ayarudie sikioni mwangu, asipunguze kitu. Mama anasema ugawe kazi. Uweke maji ya baridi karibu. Na mchana, baada ya adhuhuri, ulale; na mtu yeyote akikugongea mlango akuulize wewe ni mzazi, ni mgonjwa au ni maiti, mjibu kwamba umelazwa na wifi yako.

Basi lala, Shangazi.

Mimi, mtoto wa kaka yako